Mvi za Duka na Mvi Zangu

Mjukuu wangu Mapenzi alikuja kutoka Malindi na vitu viwili. Cha kwanza alikuwa nacho kichwani: rasta ndefu za rangi ya jivu, zimesukwa vizuri zikamfika kiunoni, kichwa kizima kijivu kama cha ajuza. Cha pili alikuwa nacho mkobani: pakiti ya piko nyeusi, yangu mimi, nipakwe nywele nirudi usichana. Nikamtazama yeye, nikaitazama pakiti, nikamtazama tena.

"Hizo zako umezipata wapi?" nikamuuliza.

"Saluni, bibi. Pale pale Malindi, mtaa wa Kisumu Ndogo, ninapofanya kazi. Ndizo zinazovuma sasa, kila msichana anataka kijivu."

"Na mimi umeniletea nyeusi."

"Ndiyo, bibi."

"Basi tubadilishane vichwa, tusisumbuke."

Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Akaketi mkekani, akaanza kuichezea ile pakiti kwa vidole. Nikajua ametumwa. Mapenzi tangu utotoni akitumwa neno zito huchezea kitu.

Habari mnazijua ninyi wenzangu, maana redio zetu husema mambo yale yale. Kila baada ya muda mzee fulani wa huku kwetu hukutwa shambani kwake amekatwa, na ukiuliza kosa lake utaambiwa uchawi. Ushahidi wenyewe ni nywele nyeupe na macho mekundu. Macho mekundu kwa moshi wa kuni, na kuni hizo ndizo zilizowapikia uji hao hao wanaomshitaki. Mara ya mwisho nilipoisikia habari hiyo, mtangazaji alipomaliza hakumeza hata mate, akaingia tangazo la sabuni. Nikanyoosha mkono nikaizima, nikakaa na chai yangu mpaka ikapoa.

Kwa hiyo wazee wamejifunza kujificha. Sidi, shoga yangu tuliyeolewa naye msimu mmoja, sasa ana kichwa cheusi kuliko cha mwanawe wa mwisho. Mto wake umekuwa mweusi, kola za gauni lake la kanisani zimekuwa nyeusi, na mvua ikimkuta njiani humchora mistari shingoni. Simcheki. Anataka kufa kitandani kwake, na hilo si kosa. Lakini hebu nanyi nielezeni, maana mimi darasani sikukaa sana: imekuwaje msichana anakwenda dukani kununua mvi, na mwenye mvi zake za mwili anazificha kama kitu cha wizi?

"Nani amekutuma?" nikamuuliza Mapenzi.

"Baba."

Baba yake ni Karisa, mwanangu, ninayeishi naye hapa karibu na Gongoni. Anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kama marehemu baba yake, Kitsao, aliyeniachia nyumba hii na kipande cha shamba kinachoteremka mpaka barabarani. Kipande hicho ndicho chenye maneno. Katana, mwana wa shemeji yangu Baya, amepata mtu wa kukinunua, na kinachomzuia kuuza ni mimi kuwa hai. Basi kwenye lile kundi la ukoo la kwenye simu Katana akaandika kwamba kuna wazee wamekalia ardhi kama kuku aliyeatamia mayai viza. Siku ya pili akaandika kwamba watoto wa ukoo huu hawaendelei, na watu wajiulize ni nani anayewafunga. Siku ya tatu akaandika kwamba nywele zikiwa nyeupe namna ile si za bure. Hakunitaja jina. Hakuhitaji. Katika ukoo mzima mweupe namna ile ni mimi peke yangu.

Karisa alinisomea yote, kisha akaisukuma simu mbali naye kama inanuka. "Mama," akasema, "paka tu. Ni rangi. Ukipaka watanyamaza, na mimi nitakwenda kazini moyo ukiwa umetulia."

Sikumjibu siku hiyo. Naye akamtuma binti yake, akijua Mapenzi ndiye ninayeshindwa kumnyima kitu.

Mapenzi akaifungua ile pakiti, akaimimina kwenye kibakuli, akatia maji, akakoroga kwa kijiti. Harufu ikapanda kali, ya kuchoma pua, kama chuma kilichotiwa siki. Nikageuza uso. Na kule nilikogeuzia uso kulikuwa na ungo wangu, wenye unga wa mahindi niliouchekecha asubuhi. Harufu mbili zikanijia pamoja, ya piko na ya unga mbichi, na ile ya unga ikashinda. Ikanibeba ikanitua upande wa Ganze, uani kwa hawe yangu, unga ukiniingia machoni na wanaume wamesimama mbele yangu na wembe.

Hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi. Hawe yangu alikuwa Kadzo na mimi ni Kadzo, kwa kuwa kwetu mtoto hupewa jina la bibi yake. Baba yangu, Thoya, alikuwa akiniita "mama", maana nilibeba jina la mama yake. Nikikosea hakunichapa, utamchapaje mama yako? Nilikuwa nikimwamrisha, "Thoya, niletee maji," naye analeta huku anacheka, na wageni wanacheka. Mji wetu, yaani boma letu, ulikuwa na Kadzo wawili, mkubwa na mdogo, na mimi kwa akili zangu za kung'oka meno sikuona tofauti baina yetu isipokuwa moja. Kichwa chake kilikuwa cheupe. Changu kilikuwa bado.

Hili la kichwa nilikuwa nimelichunguza. Hawe alitwanga mahindi kila asubuhi, na kulipopambazuka nilisikia mchi kabla ya kusikia jogoo. Unga ulimrukia mikononi, na alipotaka kufuta jasho alipitisha kile kiganja cheupe kwenye paji la uso mpaka utosini. Basi nikajua. Mvi ni unga. Mtu hutwanga, akatwanga, unga unamwingia kichwani kidogo kidogo, mpaka siku moja hautoki tena hata kwa kuoga. Ndiyo maana wanaume wa kwetu wengi walikuwa na vipara: wao hawatwangi, wangezipatia wapi? Nami nikawa najisogeza karibu na kinu, kichwa nimekiinamisha, hawe akisema, "We Kadzo, mchi utakutoboa," nisisogee.

Nilikitaka kichwa kile kwa sababu niliona kilivyoheshimiwa. Kwetu mbegu haikuingia ardhini mpaka ishikwe kwanza na mwenye kichwa cheupe. Mawingu yakianza kujikusanya, wanawake wa miji ya jirani walikuja na mbegu zao vikapuni. Nawakumbuka wote: Dama aliyetembea na mbwa wake, Kache mke wa Nzai, Mbodze na dada yake Kang'ombe wasiosemeshana lakini wakija pamoja, na Nyevu mwenye jicho moja ambaye ulimi wake ulifanya kazi ya jicho lililokosekana. Hawe alikaa kwenye kigoda akavua leso kichwani, maana kichwa hicho ndicho walichokijia. Akazishika punje, akatia maji kinywani akayapuliza juu yake, akaziombea. Mimi nilikaa ubavuni nimeshika kibuyu cha maji, shingo nimeinyoosha kama mke wa chifu. Nilingojea zamu yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba zamu hiyo huja kwa kungoja tu.

Kisha mvua ikakataa. Ikakataa msimu wa kwanza, tukasema huenda ni mkosi wa msimu. Ikakataa wa pili. Majani ya mahindi yakajisokota kama sigara, mbuzi wakala nyasi za paa la banda lao. Kwenda kuteka maji kulikuwa safari ya kutoka na giza na kurudi jua likichoma utosi, na maji yenyewe ya rangi ya chai. Wanaume wakaingia porini kuchoma makaa, wakirudi weusi na kimya. Tulikula mtsunga, ile mboga chungu ya porini, na sima ilikuwa ndogo ya kumeza bila kutafuna.

Hawe alikuwa na bonde. Kipande cha chini cha shamba lake kilishika unyevu hata kiangazi, na kulikuwa na migomba ambayo ilikuwa bado ina majani. Na kulikuwa na Kazungu, mwana wa ndugu wa marehemu babu yangu, mtu mrefu wa sauti tamu, aliyelipenda bonde hilo tangu babu alipokuwa hai. Njaa ilipozidi, Kazungu akaanza kuongea penye pombe ya mnazi. Hakusema mengi. Alisema, "Mbegu zote zilipita kwenye mikono ya mtu mmoja. Zote zimekufa. Mnataka niwaambie nini tena?"

Mikono ile ile. Jambo lililomfanya hawe awe mtu wa heshima ndilo hilo hilo lililogeuzwa kuwa kosa lake, na wala halikubadilishwa hata kidogo. Liligeuzwa tu upande wa pili, kama mkate kwenye kikaango. Wanaume wa ukoo wakakubaliana kwamba hawe anyolewe mbele ya watu, weupe ule utoke, kisha aache bonde arudi kwao alikozaliwa. Na mtu akishanyolewa hivyo, hakuna anayeuliza tena kama alikuwa na kosa au hakuwa nalo.

Baba alikuja jikoni kumwambia. Mimi nilikuwa nyuma ya mtungi, sikio limesimama.

"Mama," akasema, na safari hii hakuwa anacheza nami, alikuwa anamwambia mama yake kwelikweli, "kubali unyolewe. Nywele zitaota."

Hawe alikuwa anachambua mtsunga. Hakuinua macho. "Nywele zitaota, Thoya," akasema. "Na mimi nitakwenda kuota wapi?"

Baba akashika paji la uso. Namkumbuka alivyosimama, mtu mzima, mikono haina mahali pa kuiweka. Sikumdharau baba wakati ule na simdharau leo. Alikuwa akiogopa kumpoteza, na aliona afadhali ampoteze nusu.

Mimi nilielewa yangu. Nilisikia kwamba Kazungu na wenzake wanakuja kuchukua nywele nyeupe za hawe, na kwa kuwa mbegu zote zilikuwa zimekufa, nikajua wanazitakia nini. Wanataka kuzipanda. Wamekosa mbegu, sasa watamnyoa hawe wakazigawane wazitie mashimoni, kila mtu shambani kwake, mvua inyeshe. Sikuona ubaya wa jambo lenyewe. Nilichoona kibaya ni kwamba wanamfuata hawe peke yake, wakati Kadzo tuko wawili.

Wakaja asubuhi. Mbele alitangulia Mzee Mwaro, mkubwa wao, na kipara chake kinang'aa. Nyuma yake Kazungu na wembe umefungwa kitambaani, na wengine wa ukoo ambao majina yao ninayo lakini wajukuu zao bado wako, nitawaachia aibu yao. Wanawake wakasimama kwenye ua wa miti. Hawe alikuwa uani kwenye kigoda chake, kama siku za mbegu. Alipowaona akavua leso kichwani akaikunja, akaikalia.

"Karibuni," akasema.

Nikakimbia jikoni. Unga wa siku ile ulikuwa kwenye ungo, ule wa mwisho, wa sima moja. Nikauchota kwa mikono miwili nikajimwagia utosini, nikausugua kama mafuta. Ukaniingia masikioni, ukaniingia puani, ukashikana na jasho langu ukawa uji. Mpaka leo najua unga mbichi una harufu gani ukiwa juu ya ngozi ya kichwa chenye joto: harufu ya shamba na ya mtoto pamoja. Nikatoka mbio macho nimeyafumba nusu, nikasimama mbele ya Kazungu.

"Mimi pia ni Kadzo," nikasema. "Changu nimekifanya cheupe. Chukueni changu mkapande, cha hawe mkiache."

Nilisikia unga unavyoanguka kwenye mabega yangu. Kisha kutoka kwenye ua ikaja sauti ya Nyevu mwenye jicho moja.

"Kazungu, una wembe mmoja na Kadzo wawili. Utaanza na yupi?"

Mwanamke mmoja akacheka, akafunika mdomo. Kazungu akasema, "Mwondoeni mtoto."

"Kwa nini aondolewe?" hawe akasema. "Jina ni langu, kichwa ni cheupe. Anza na huyo. Mnyoe, kisha umuulize mvua ameificha wapi. Akikwambia, njoo kwangu."

"Huyu ni mtoto, mama mkubwa."

"Hata mimi nilikuwa mtoto. Wewe ulichelewa kuzaliwa, ndiyo maana hukuniona."

Sasa walicheka wengi. Kazungu akaushika ule wembe vibaya, kama mtu aliyepewa samaki asiye na pa kumweka. Hawe akaniita. Nikaenda nikijua kofi linakuja, maana ule ulikuwa unga wa mwisho na sasa ulikuwa kichwani kwangu. Kofi halikuja. Alinilaza kichwa juu ya ungo, akaanza kunipangusa kwa vidole, taratibu, kila mahali, nyuma ya masikio, shingoni. Akanipuliza masikio. Akausugua ule ulioganda mpaka ukamenyeka. Kisha akauchekecha wote, mbele yao, bila haraka, akaingia jikoni akatoa mafiga na chungu akavileta uani.

"Wageni hawaondoki kwangu hawajala," akasema.

Ninyi wa huku mnaelewa alichokifanya. Nawaelezea wageni. Kwetu ukimwita mtu mchawi, huli kwake. Na ukishakula kwake, huwezi kutoka hapo ukasema ni mchawi, maana watu watakuuliza, basi mbona ulikula? Na hao waliosimama pale walikuwa na njaa ya misimu miwili. Kuondoka hawangeweza, ingekuwa ni kukimbia chungu cha mwanamke. Wakasimama wakitazama maji yanavyochemka, na sima ilipoanza kukorogwa na harufu kupanda, niliona makoo yao yanavyopanda na kushuka.

Hawe akaipakua, akaweka mtsunga pembeni. Akamega tonge akala yeye kwanza, kama afanyavyo mwenye mji. Akamega la pili akanipa mimi. Kisha akaisukuma sinia katikati yao.

Mzee Mwaro ndiye aliyekaa chini. Akaomba maji, akanawa, akamega. Akatafuna sana. Kisha akaingiza vidole kinywani akavuta unywele, akauinua kwenye jua watu wote wakauona, unywele mfupi wa kitoto.

"Huu ni mweusi," akasema.

Akautupa, akamega tonge jingine. "Na chumvi imepungua."

Nyevu alicheka mpaka akashika mti wa ua. Waliobaki wakakaa mmoja baada ya mwingine, mikono ikaingia siniani kwa fujo, ile sima isingeweza kumshibisha hata mmoja wao. Kazungu hakukaa. Alisimama mpaka sinia ikawa tupu, kisha akaenda zake na wembe wake haujafunguliwa kitambaani. Tangu siku hiyo watu walipomsikia akianza kusema juu ya hawe walimuuliza jambo moja tu: ulikula au hukula?

Sitawaambia kwamba mvua ilinyesha jioni ile. Haikunyesha. Tulizidi kula mtsunga, mbuzi wetu wawili wakafa, na mvua ikaja ilipotaka yenyewe. Ilipokuja, mke wa Kazungu alifika kwa hawe na kikapu cha mbegu, amejifunika uso. Hawe akazishika kama za wengine, akakawia nazo kidogo kuliko za wengine. Bonde lilibaki lake mpaka tulipomzika, na alizikwa na kichwa cheupe kama alivyokitaka.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Mapenzi, na kibakuli cha piko katikati yetu kikianza kuganda juu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo siwezi kusema si la kweli.

"Bibi, wale wa siku hizo walikuwa na haya. Hawa wa siku hizi wana panga."

"Nalijua hilo," nikamwambia. "Sisemi sima inazuia panga. Wanaotajwa redioni nao walipika, nao walilisha watu. Lakini nisikilize. Nikipaka, nimekubali kwamba nywele zangu zilikuwa na kesi. Na mtu anayetaka shamba hazuiliwi na piko. Ukificha nywele atasema macho. Ukifumba macho atasema unafuga paka. Nitaficha mangapi, Mapenzi, mpaka nibaki nini?"

Akakitazama kibakuli kile kilichoganda. Nikamtania nimwondoe kwenye huzuni. "Na isitoshe, wewe mvi zako zina risiti. Zangu ni za kazi."

Karisa alipotoka kazini, chumvi imemkauka miguuni, nikamwambia afungue lile kundi la ukoo na abonyeze pale pa kurekodi sauti. Akauliza nataka kusema nini. Nikamwambia abonyeze tu. Nikasema hivi:

"Katana wa Baya wa Ngumbao. Ni mimi mama yako mkubwa, Kadzo wa Thoya, mke wa Kitsao. Wewe ulipozaliwa, mikono iliyokushika mwanzo ni yangu, kabla ya mama yako Dzame. Na baada yako nikamshika Fumo, nikamshika Jumwa, nikawashika mapacha wa Kahindi, Chizi na Mbeyu, na wote wako humu wananisikia. Nimesomewa maneno yako. Jumapili baada ya kanisa njoo ule kwangu, uani, mchana, jua likiwaka. Na anayetaka kusikiliza aje naye. Asante."

Karisa akaiachilia. Akakaa na simu mkononi, uso wake ule ule wa baba yangu jikoni. "Mama, asipokuja?"

"Asipokuja nitakuwa nimejua. Hata hilo ni bora kuliko kubahatisha."

Usiku nilisali kama kawaida, na kama kawaida nikaangalia kufuli la mlango. Sijifanyi jasiri kuliko nilivyo. Nina mifupa ya kizee na nimezika wengi.

Jumapili uwanja ulijaa. Sikujua kwamba ukoo una watu wengi hivyo wenye njaa. Sidi alikuja na kichwa chake cheusi, akakaa mbali na jua lisimyeyushe. Mke wa Katana, Riziki, msichana mzuri sina neno naye, alifika mapema bila kuitwa, akaketi kwenye mbuzi akanikunia nazi. Nikapika samaki wa nazi na sima kubwa. Nikatandika mkeka, nikavua leso, nikaikunja, nikaikalia. Mapenzi akanitazama. Akavua kitambaa alichokwenda nacho kanisani, akakaa ubavuni kwangu, rasta zake za jivu zikamwagika mpaka mkekani. Hakuambiwa na mtu.

Pikipiki ya Katana tulianza kuisikia toka barabarani. Akaizima nje ya ua, akasimama pale pale, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kusalimia tu. Nimeshakula."

Kila aliyekuwepo alilijua neno lile lina nini ndani. Niliona Karisa anainuka, nikamwekea mkono gotini.

"Umeshakula kwa nani?" nikamuuliza Katana.

"Nyumbani."

"Nyumbani amekupikia nani? Mkeo yuko hapa tangu asubuhi ananikunia nazi."

Riziki akainua uso kutoka kwenye mbuzi, mikono myeupe kwa nazi. "Jikoni kwetu leo hakujawashwa moto," akasema, polepole, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kicheko kilianzia kwa mapacha wa Kahindi kikazunguka uwanja. Katana akatazama chini. Ni mtu mzima, ana kitambi kidogo, lakini akitazama chini vile ni yule yule niliyemfunika kwa leso yangu mama yake akiwa bado ana uchungu. Mapenzi akainuka na birika na beseni, akamwendea pale alipo, akampigia goti kwa adabu yote.

"Nawa, baba," akamwambia.

Akanawa. Akaja akakaa mkekani mbele yangu, karibu mno hata akawa hana pa kutazama isipokuwa kichwa changu, na akigeuka, cha Mapenzi. Nikamega tonge nikala. Nikamsukumia sinia. Akamega, akachovya, akatia kinywani. Tukamtazama sote mpaka akameza.

"Chumvi je?" nikamuuliza. Hapa Gongoni chumvi ndiyo tunayoikanyaga, lakini nilitaka kusikia.

"Iko sawa, mama mkubwa."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Hilo ulilosema. Mengine uliyaandika, na hili liandike pale pale, wale waliokosa kuja walisome."

Akafuta mkono wa kushoto kwenye suruali, akatoa simu, akaandika kwa kidole gumba, mkono wa kulia bado una sima. Mifukoni mwa watu simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, uwanja mzima, na ya Karisa ikalia ya mwisho. Karisa akaifungua akasoma kwa sauti: "Nimekula kwa mama mkubwa. Chumvi iko sawa."

Nikamwongeza Katana samaki. Ule upande wa kichwa, wenye miiba na kazi.